Kuonjeshana mbege: mwongozo kwa wanaopika nyumbani

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haisubiri mtu. Ukiichanganya leo jioni, kesho ina utamu wake, keshokutwa imekuwa kali, na siku inayofuata wanywaji wanaanza kukunja uso. Ndiyo maana wapishi wawili wa kijiji kimoja wanaweza kubishana mwaka mzima nani fundi, kumbe pombe ya mmoja ilionjwa siku ya kwanza na ya mwenzake siku ya tatu. Sisi tunaopika huku Kilimanjaro tukitaka kuonjeshana kwa haki, tunaanza na umri wa pombe.

Hatua ya 1: Pangeni siku. Mkikubaliana kuonja Jumamosi mchana, Ijumaa jioni, saa zilezile, kila mtu achanganye uji wake wa ulezi na maji ya ndizi yaliyokwisha kuchacha. Aandike kwenye karatasi aina ya ndizi, ulezi uliota siku ngapi kabla ya kusagwa, na kama kuna gome la msesewe (mti unaotia uchungu), kiasi gani. Karatasi hiyo aifiche mpaka mwisho. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, ulimi unachoka kabla ya pombe ya mwisho.

Hatua ya 2: Bebeni vizuri. Lita mbili kwa kila mpishi. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halifai hata ulisugue kwa majivu. Acha nafasi juu na usikaze kifuniko, maana pombe bado inatoa gesi. Chupa ya kioo iliyofungwa kabisa inaweza kupasuka njiani.

Hatua ya 3: Andaeni meza. Kata ya kibuyu naipenda, lakini si chombo cha kuonjea. Kibuyu kinashika harufu ya kila pombe iliyopita humo. Tumieni glasi zilizosuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe. Wekeni maji ya kunywa na mkate mkavu wa kusafishia mdomo. Nyama choma, sigara na manukato vingoje. Mtu asiyeonja ayape madumu herufi A, B, C, naye ndiye amimine, ili asijulikane mwenye pombe.

Hatua ya 4: Onjeni kimya. Hapa ndipo penye kazi. Mmiminaji akoroge kwanza, kwa sababu ulezi hutuama. Asipokoroga, wa kwanza atapata maji na wa mwisho uji. Robo glasi inatosha. Nusa mara tu glasi inapokufikia, kabla hujanywa, maana harufu nyepesi huondoka upesi. Kisha piga funda dogo, lizungushe mdomoni, ulimeze, halafu ungoje. Uchungu wa msesewe huja baada ya kumeza, na anayeharakia funda la pili haupati.

Andika, usiseme. Mzee akitamka "hii imeungua" kabla wengine hawajaandika, meza nzima itaonja kuungua.

Kwa alama tumeazima mpangilio wa BJCP, mfumo wa waamuzi wa bia ulioanzia Marekani mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Unatufaa sana. Mbege haijawahi kutafuta kung'aa, na alama 3 za mwonekano zinatosha.

Mambo ya kuwinda ni haya. Ukali laini kama wa mtindi ni wa mbege yenyewe, usiukatie alama. Ukali unaochoma pua ni siki: hewa imeingia, na bakteria wanageuza kilevi kuwa asidi. Harufu ya moshi mara nyingi ni uji ulioshika chini ya sufuria. Uchungu unaokwaruza koo na kukaa muda mrefu ni msesewe uliozidi. Ikiwa nzito na tamu bila kuchangamka ulimi, bado ni togwa. Na harufu ya ndizi si lazima itoke kwenye ndizi: chachu yenyewe hutengeneza isoamili asetati, kemikali inayonukia ndizi, ndiyo maana bia za ngano za kusini mwa Ujerumani hunukia ndizi ambazo hazimo.

Hatua ya 5: Semeni. Mdogo kwa umri aanze, wazee wamalizie. Kijana hawezi kumpinga mzee aliyekwisha kusema. "Nzuri" na "mbaya" msizikubali. Taja ulichoonja, kisha uliza: "C ina moshi kidogo, mwenye nayo alikoroga uji mpaka mwisho?" Hapo ndipo karatasi zitolewe na kila mtu alinganishe alama na alichofanya jikoni. Mkiona ulezi ulioota siku nyingi zaidi unaambatana na pombe moja iliyopendwa, msikimbilie hitimisho. Pikeni tena mkibadilisha hilo tu.

Hatua ya 6: Sasa nyweni. Kata zije, mwenye pombe aonje mbele ya wageni, kisha mzee apewe. Anayeendesha gari au bodaboda na mama mjamzito waishie kwenye mkate, na watoto wasikaribie.

Kabla madumu hayajaisha, toa kikombe kimoja cha kila herufi, ukifunike kwa kitambaa safi. Jumapili asubuhi wawili wenu mwonje tena na kuandika alama mpya pembeni ya zile za jana. Pombe iliyoongoza Jumamosi ikiwa imeshuka sana, mwenye nayo aanze kukagua usafi wa pipa lake.