Kufukia sumaku za silinda kwenye sanduku la mbao bila kuzigeuza

Mteja akitaka sanduku lisiloonyesha bawaba wala komeo, tumia sumaku ndogo za silinda: nne unazifukia kwenye kingo za sanduku, nne kwenye kifuniko. Naandika haya baada ya kijana anayejifunza kazi kuniletea sanduku zuri la mninga ambalo kifuniko chake kinainuka upande mmoja. "Fundi, hizi sumaku mbovu, zinasukumana." Mbovu wapi! Mbili ziligeuzwa, na gundi ilishakauka.

Hatua ya 1: Sumaku

Nunua za neodimiamu, kipenyo 8 mm, urefu 5 mm. Sumaku nyeusi za feraiti, kama ile ya nyuma ya spika, ni za bei nafuu, lakini kwa umbo dogo hivi hazitashika kitu. Sumaku za neodimiamu zilitokea miaka ya 1980, Japani kwa Masato Sagawa na Marekani kwa watu wa General Motors, kila upande kivyake. Ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni. Kila chembe ndani yake ni kisumaku kidogo, na fuwele zake huzishikilia zote zielekee upande mmoja, ndiyo maana kipande kidogo tu kina nguvu nyingi.

Utaona zimeandikwa N35, N42, N52. Namba ikipanda, nguvu inapanda. Chukua N35. Wanaotia N52 kwenye sanduku la vito wanamlazimisha mama wa watu afungue kwa bisibisi.

Kabla hujalipa, bandika mbili uso kwa uso, kisha izungushe moja. Ikizunguka kwa ulaini na kubaki ulipoiacha, ncha zake (kaskazini na kusini) ziko kwenye nyuso bapa, chukua. Ikirudi yenyewe kama ina springi, ncha ziko ubavuni. Hizo ni za vifaa vya kupima mzunguko, si za kwetu.

Hatua ya 2: Matundu

Gongomea misumari midogo kwenye pembe nne za ukingo wa sanduku, kata vichwa kwa koleo ubakize 2 mm, kisha bonyeza kifuniko juu yake. Alama zinajichora zenyewe. Ng'oa misumari, toboa kwa biti ya mbao ya 8 mm, ile yenye ncha katikati. Kina ni 5 mm na nusu. Zungushia biti mkanda wa karatasi kama alama ya kusimama.

Usizidishe kina. Pengo la hata 1 mm kati ya sumaku mbili linapunguza mvuto sana.

Hatua ya 3: Ncha, yaani kazi yenyewe

Hapa ndipo masanduku yanapoharibika. Ncha zinazofanana husukumana, tofauti huvutana. Hilo kila mtu alilisikia shuleni. Shida ni kwamba uso wa kaskazini na wa kusini hazionekani tofauti kwa macho, na sumaku ikikuponyoka vidoleni inajigeuza hewani na kurukia mwenzake. Wengi huweka alama kwa kalamu ya wino. Mimi siiamini: nikeli iliyofunika sumaku inateleza, na ukishagusa gundi na spiriti alama imekwenda.

Tengeneza kijiti. Chukua fimbo ya mbao ya mviringo yenye unene wa 8 mm, urefu wa kiganja. Bandika sumaku moja kila mwisho, zote zikielekea upande mmoja, ili kijiti kizima kiwe kama sumaku moja ndefu. Kuhakikisha, chukua sumaku ya tatu: uso wake unaovutwa na mwisho mmoja lazima usukumwe na mwisho wa pili. Ukivutwa na miisho yote miwili, bandua sumaku moja uigeuze. Paka mwisho mmoja rangi nyekundu, wa pili nyeupe.

Sasa kanuni ni moja tu: mwisho mwekundu ni wa sanduku, mweupe ni wa kifuniko. Gusa sumaku kwa mwisho unaohusika, nayo itajigeuza yenyewe na kushika kwa uso unaotakiwa. Ipeleke kwenye tundu, bonyeza. Huna haja ya kujua kaskazini ni ipi.

Kikwazo ni kutoa kijiti, maana ukikivuta juu kinaondoka na sumaku. Bandika tabaka tatu za mkanda wa karatasi kwenye kila mwisho wa kijiti ili mshiko upungue, kisha kiteleze kwa ubavu huku ukucha ukishikilia sumaku isiinuke.

Kuna ujanja mwingine naupenda. Ukitaka kifuniko kikae upande mmoja tu, tuseme michirizi ya mninga ifuatane na ya ubavu, kwa pembe mbili za kulia badilisha: nyeupe kwenye sanduku, nyekundu kwenye kifuniko. Mtu akikigeuza nyuma mbele kinasukumwa na kukataa kukaa. Andika hayo kwa penseli kando ya kila tundu kabla hujafungua gundi.

Jaribu zote zikiwa kavu. Zikitoka, rudia.

Hatua ya 4: Gundi

Epoksi ya mirija miwili. Supa gluu huachia sanduku likianguka, na gundi ya bunduki hutoka na moto mwingi, wakati sumaku za kawaida za aina hii huanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi 80. Kwaruza kidogo ubavu kwa msasa, usitoboe nikeli. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani ikilifikia lile chuma la ndani litakula kutu na kuvimba. Tone dogo tu chini ya tundu. Likizidi, sumaku inasukumwa juu.

Usifunge kifuniko gundi ikiwa mbichi. Acha hadi kesho yake, sanduku na kifuniko mbalimbali.

Sumaku zilizobaki zifungie mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili zinavutana zikiwa na utumbo katikati na kuutoboa. Hiyo ni safari ya hospitali mara moja.

Hatua ya 5: Kumaliza

Msasa, mafuta. Vumbi la chuma kwenye meza ya kazi litang'ang'ania sumaku, litoe kwa mkanda.

Na kama gundi imeshakauka na moja imegeuka, gusisha pasi ya kulehemia waya juu ya sumaku mpaka epoksi ilainike, kisha ivute kwa sumaku nyingine kubwa. Usiitoboe kwa drili: inapasuka, na unga wake hushika moto. Hiyo uliyoichoma itupe, weka mpya.