Visiwa vidogo vya Ziwa Kivu: panga kurudi kabla ya kwenda

Anayetoka Goma au Bukavu kwenda kisiwa kidogo ni nadra kukwama asubuhi. Hukwama jioni: mafuta yamekwisha, upepo umeamka, mwenye boti amepata abiria wengine. Kwa hiyo hesabu ya safari ianzie kwenye kurudi.

Mwanzoni mwa 2025 miji yote miwili iliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23: Goma Januari, Bukavu Februari. Masharti ya majini hubadilika haraka. Siku moja kabla, nenda bandarini mwenyewe uulize nani anasafiri, saa ngapi, na karatasi gani zinatakiwa. Mkongomani achukue kadi ya uchaguzi. Mgeni, pasipoti, viza na fotokopi mbili za kila kimoja. Angalia pia saa ya tiketi: 7h ni saa moja asubuhi, si saa saba.

Idjwi si kisiwa kidogo, lakini ni kituo kizuri. Shuka Bugarula kwa boti la abiria, lala, kisha asubuhi kodi mtumbwi wa kuzungukia visiwa vya jirani. Kuna chefferie (maeneo ya kichifu) mbili, Rubenga na Ntambuka. Kabla ya kupiga picha au kusimamisha hema, kamsalimie chifu wa kijiji. Ukipita pembeni yake, kila mtu atakuuliza umetumwa na nani, na siku nzima itaishia kwenye majibu. Tchegera, karibu na Goma, iko ndani ya Hifadhi ya Virunga: bila ruhusa ya hifadhi, usishuke. Ni kinywa cha volkeno kilichozama nusu, chenye umbo la mwezi mwandamo, na boti hujificha upepo ndani ya mkunjo wake.

Boti lenyewe ndilo la kukagua polepole. Subiri hadi watu na mizigo yote vimeingia, ndipo upime kwa mkono: kutoka usawa wa maji hadi ukingo, pabaki angalau shubiri mbili. Ikiwa ni shubiri moja, shuka, hata kama umeshalipa. Jile (jaketi) la kuokolea livaliwe na kufungwa tangu gatini. Lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Muulize nahodha mambo manne na uyaone kwa macho: buji (plagi ya injini) ya akiba, kamba ya kuwashia motere, kasia mbili, kopo la kuchotea maji. Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la dharura. Lipa nusu sasa, nusu mkisharudi; malipo yote ya asubuhi ndiyo humfanya nahodha akusahau.

Hatari haiishi mnapoona gati. Oktoba 2024, boti lililotoka Minova likiwa limejaa kupita kiasi lilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Mnapofika, watu husimama wote na kukimbilia upande mmoja. Baki umekaa hadi kamba ifungwe.

Ondoka alfajiri, ziwa likiwa kioo. Saa nane mchana uwe umeshageuza. Mvua ni Septemba hadi Mei, na radi za huku si mchezo: kipimo cha setilaiti kilichochapishwa 2016 kiliiweka Kabare, jirani ya Bukavu, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo. Juni hadi Agosti mvua hupungua, lakini upepo wa kusini huinua mawimbi. Usiku usisafiri kwa mtumbwi mdogo: wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wana taa, nyavu zao hazina, na kamba ikijisokota kwenye panga la motere mtapelekwa na maji.

Mahali pa kulala, panda juu. Kwenye ukanda wa kaskazini, mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkeno, hutuama mazuku: gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, isiyoonekana. Hukusanyika usiku upepo ukitulia. Ukiona mijusi au ndege wamekufa shimoni, ondoka. Wengine hupima kwa kiberiti. Usikitegemee, kwa maana moto unaweza kuendelea kuwaka hewa ikiwa tayari imeharibika.

Maji ya kunywa, lita tatu kwa mtu kwa siku, yatoke mjini. Yakiisha, chemsha ya ziwa yatokote kabisa. Vidonge vya klorini hufanya kazi kwa uvivu hapa kwa sababu maji ya Kivu yana magadi.

Jambo dogo la mwisho ni simu. Upande wa mashariki wa Idjwi hudaka minara ya Rwanda na kumeza yuniti zako kimyakimya. Chagua mtandao wa Congo mwenyewe kwenye mipangilio. Na nahodha akikata kona kuelekea mashariki ili afupishe njia, mkatae: mpaka uko majini, hauna alama, na boti likikamatwa ng'ambo, abiria hushikwa pamoja nalo.