Kupiga kambi Joshua Tree: maji, mlango na mwinuko kwanza, picha baadaye

Safari nyingi za Joshua Tree huharibikia nyumbani, wiki kadhaa kabla ya kuondoka, pale mtu anapochagua kambi yenye picha nzuri bila kuuliza mambo matatu: maji yako wapi, naingilia mlango gani, na kiwanja kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Hifadhi hii ya taifa iko kusini mwa California, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari kutoka Los Angeles foleni ikiwa ya kawaida. Anayeishi San Diego anaimudu kwa wikiendi, na wa Phoenix pia akikubali kuendesha saa nne au zaidi. Lakini ukishapita geti hakuna duka, hakuna kituo cha mafuta, hakuna mgahawa wala hoteli, na mtandao wa simu haupo karibu kote. Ulichosahau kununua ndicho utakachokosa.

Ndani ya hifadhi kuna viwanja tisa vya kambi vyenye nafasi zipatazo 500 kwa jumla. Vyenye maji ya bomba ni viwili tu: Black Rock, upande wa kaskazini magharibi juu ya mji wa Yucca Valley, na Cottonwood, upande wa kusini karibu na barabara kuu ya I-10. Vyote viwili vina vyoo vya kuvuta. Indian Cove haina bomba kwenye nafasi zake, ila maji yanapatikana kwenye kituo cha askari wa hifadhi njiani kuingia. Jumbo Rocks, Ryan, Hidden Valley, Belle, White Tank na Sheep Pass ni vikavu kabisa: vyoo vya shimo, meza, sehemu ya kuwashia moto, basi. Bafu la kuogea halipo popote hifadhini.

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, hasa yenye watoto wadogo au wazazi waliokuja kutembea kutoka Afrika Mashariki, chukueni Black Rock. Mna maji, mji uko karibu ikitokea mtoto ameugua usiku, na miti ya Joshua, ile ya jangwani iliyoipa hifadhi jina, imewazunguka. Jumbo Rocks inapendeza zaidi, hilo halina ubishi, maana mahema yamejipenyeza kati ya majabali makubwa. Ila huko kila tone la maji ni lile mlilobeba.

Sasa suala la milango. Black Rock na Indian Cove ziko ndani ya mipaka ya hifadhi, lakini barabara zake hazikuingizi katikati ya hifadhi kwa gari. Kutoka huko ni lazima urudi barabara ya 62, kisha uingilie geti la magharibi lililo juu ya mji wa Joshua Tree, au la kaskazini lililo Twentynine Palms. Mtu aliyefuata ramani ya simu bila kujua hili hujikuta mwisho wa lami akitafuta njia isiyokuwepo. Cottonwood nayo ina jambo lake: hakuna miti ya Joshua kule. Ni upande wa chini wa hifadhi, jangwa la aina nyingine, na kuifikia miti yenyewe na majabali ya Hidden Valley ni kama saa nzima ya kuendesha kukatiza bonde la Pinto. Kama sababu ya safari ni ile miti, usilale Cottonwood ukadhani utaamka katikati yake.

Mwinuko ndio unaoamua usingizi wako. Cottonwood iko kama mita 900, Indian Cove 975, Belle na White Tank karibu 1,160, Black Rock 1,220, Hidden Valley 1,280, Ryan 1,310, na Jumbo Rocks 1,340. Mwenyeji wa Arusha au Nakuru ataziona namba hizi akajiambia ni baridi anayoijua. Siyo. Hewa ya jangwani ni kavu na mara nyingi haina mawingu, kwa hiyo joto la mchana hupaa likapotea mara jua linapozama. Aprili au Oktoba unaweza kushinda kwenye nyuzi 29 na kulala kwenye 10. Desemba na Januari maji huganda ndooni. Kwa miezi hiyo ya baridi chagueni Indian Cove au Cottonwood, zilizo chini. Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Novemba, za juu ndizo tamu.

Kupata nafasi

Nafasi nyingi hutolewa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na dirisha hufunguka miezi sita kabla ya tarehe unayotaka kufika. Fungueni akaunti mapema, wekeni kadi ya benki, na siku hiyo muwe tayari saa moja asubuhi kwa saa za California. Wikiendi za Oktoba hadi Mei huisha haraka. Mkikosa, msikate tamaa: watu hufuta. Anayefuta hutozwa dola 10, na akichelewa hadi siku moja kabla hupoteza pia malipo ya usiku wa kwanza, ndiyo sababu nafasi nyingi hurudi siku chache kabla ya safari. Tovuti ina kitufe cha kukutumia taarifa nafasi ikirudi. Washeni kwa viwanja viwili au vitatu kwa pamoja.

Kwa miaka mingi Hidden Valley, Belle na White Tank zimekuwa za anayewahi. Mpangilio huu hubadilika kwa msimu, na Belle na White Tank hufungwa wakati wa joto, kwa hiyo tazameni tovuti ya hifadhi wiki ile ile ya safari. Kufika Ijumaa jioni mkitegemea nafasi ya anayewahi ni kujitafutia usiku wa mashaka. Fikeni Alhamisi, karibu na saa sita mchana ambapo wanaoondoka wanatakiwa kuwa wametoka.

Nafasi moja inabeba watu sita, mahema matatu na magari mawili, kama eneo linatosha. Hapa ndipo jamii zetu hukwama, maana safari huanza na watu watano na kufika siku yenyewe ni kumi na wanne na shangazi. Msibane watu. Mkijua mtakuwa wengi, tafuteni nafasi za makundi zilizoko Sheep Pass, Indian Cove na Cottonwood, na mzitafute mapema kuliko nafasi za kawaida kwa sababu ni chache. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Spika ya muziki izimwe, na hata maongezi ya kawaida yashushwe, kwani majabali hurudisha sauti.

Kiingilio ni malipo mbali na ada ya kambi: dola 30 kwa gari, kwa siku saba. Pasi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani, na inajilipa ukienda hifadhi tatu kwa mwaka. Aliyekuja kutembea tu hawezi kuinunua kwa bei hiyo, kwa hiyo pasi ikatwe na mwenyeji mwenye kitambulisho cha Marekani.

Viwanja vikijaa, bado kuna ardhi ya umma. Ukitoka I-10 kwenye njia ya kutokea (exit) namba 168 kuelekea geti la kusini, kabla ya kibao cha hifadhi kuna ardhi ya shirika la serikali liitwalo BLM ambako kulala ni bure, hadi siku 14. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna pipa la taka. Fuateni alama za magurudumu zilizokwisha kuwepo na msifungue njia mpya, kwa sababu udongo wa jangwani ukivunjwa huchukua miaka mingi kupona. Hapo mkitaka kuwasha moto, au hata jiko la gesi, mnahitaji kibali cha moto cha California. Ni cha bure na kinapatikana mtandaoni kwa dakika chache. Kaskazini, karibu na barabara ya Sunfair nje ya mji wa Joshua Tree, kuna kambi binafsi za kulipia zenye bafu. Kinachokatazwa kabisa ni kulala ndani ya gari kwenye maegesho ya hifadhi au kando ya barabara zake. Askari hupita usiku.

Hati zako ziwe garini

Anayetoka San Diego kwa barabara ya I-15 hupita kizuizi cha askari wa mpaka karibu na Temecula, na anayetoka El Centro kwa barabara ya 86 au 111 hukuta vingine karibu na ziwa la Salton. Siku nyingine vimefungwa, siku nyingine kila gari linasimamishwa. Sheria ya Marekani inamtaka kila asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi atembee na hati yake ya uhamiaji: kadi ya ukaazi, kadi ya kibali cha kazi, au pasipoti yenye fomu ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Picha kwenye simu haitoshi. Mgeni aliyekuja kwa viza asiache pasipoti nyumbani kwa kuogopa kuipoteza kambini; iwekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya gari lililofungwa.

Hesabu ya maji

Lita 4 za kunywa kwa mtu kwa siku ndicho kiwango cha chini, na anayepanda milima mchana anahitaji mara mbili. Ongezeni lita 2 kwa kila mtu kwa kupika, kunawa na vyombo. Watu wanne kwa siku tatu, basi, ni lita 72. Bebeni madumu manne ya lita 20, na msiweke maji yote kwenye tangi moja, kwa sababu likipasuka mmemaliza safari. Mwenye kuswali ajiwekee lita 3 zaidi kwa siku kwa ajili ya udhu. Maji yakiwa haba, tayamamu ipo kwa hali kama hiyo. Wakati wa joto msiache sufuria ya maji wazi. Nyuki wa jangwani hufuata unyevu wowote, hata matone ya kiyoyozi cha gari na jasho la mgongoni, na watajaa mezani kwa dakika chache.

Jiko na chakula

Jiko dogo la gesi la wapanda milima, lile linalokaa juu ya kopo, halifai kwa ugali. Ukianza kusonga, sufuria inacheza na kila kitu kinapinduka. Chukueni jiko la bapa lenye mafiga mawili na kingo za kuzuia upepo, sufuria nzito, na mtu mwingine ashike mpini. Kopo la propeni la nusu kilo hivi hudumu kama saa mbili kwa figa moja lililowashwa kwa nguvu; kwa usiku mbili za watu wanne makopo mawili yanatosha, la tatu ni la tahadhari. Maharage chemsheni nyumbani kabisa, myagandishe kwenye mifuko: yatakuwa barafu ya sanduku la kuhifadhia baridi siku ya kwanza na mboga siku ya pili.

Nyama choma inaruhusiwa kwenye majiko ya chuma yaliyopo kambini, isipokuwa pale hifadhi inapotangaza marufuku ya moto. Kuni na mkaa mje navyo. Kuokota kijiti chochote ndani ya hifadhi ni kosa, hata kama kimekauka. Mkaa uliobaki na wekundu usiingizwe hemani kamwe kwa ajili ya kuota joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua familia zilizolala.

Hema, upepo na baridi ya chini

Ardhi ya kambi nyingi ni changarawe ya mawe ya matale. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema ama hupinda ama hung'oka. Nunueni vya chuma vya sentimita 25 hadi 30, vipigeni vikiegemea upande usio wa hema, na mfunge kwanza kamba za upande upepo unakotoka. Mkiondoka kwa matembezi ya mchana, wekeni madumu ya maji kwenye pembe za ndani, au laza hema kabisa. Msifunge kamba wala bembea kwenye miti ya Joshua. Mizizi yake haiko imara hivyo, na ni kosa kisheria.

Wanaotetemeka usiku aghalabu wamejifunika vizuri juu na kusahau chini. Godoro la hewa la kawaida linapoza: hewa iliyo ndani yake huchukua baridi ya ardhi na kukupa mgongoni. Tandikeni sponji ngumu au mkeka mnene kati ya godoro na mwili. Kwenye mfuko wa kulalia someni kiwango cha faraja, yaani baridi unayoweza kulala nayo bila kutetemeka, siyo kile cha chini kabisa kinachoandikwa kwa maandishi makubwa.

Chukueni pia chanuo. Vipande vya kaktasi aina ya cholla vikiganda kwenye mguu wa mtoto, msivishike kwa mkono: pitisheni meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, kisha mvute kwa mara moja. Chakula chote kirudi garini usiku kwa sababu ya mbweha wa koyote. Kabla ya kuwasha gari inameni mtazame chini yake, maana kobe wa jangwani hupenda kivuli hicho. Mkimkuta, subirini aondoke mwenyewe. Akibebwa hukojoa kwa woga na kupoteza maji aliyohifadhi kwa miezi.

Juni hadi Septemba msiende kulala kule. Mchana hupita nyuzi 38 na hema hugeuka tanuri kabla ya saa tatu asubuhi. Kama likizo ya watoto ni Julai tu, pandeni Idyllwild, mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 1,650 katika milima ya San Jacinto. Kuna kambi chini ya misonobari, na mahema, jiko na madumu ni yale yale.