Jinsi ya kuishabikia Nebraska bila kujiumiza kila Jumamosi

Kama umehamia Lincoln au Omaha, miji ya jimbo la Nebraska, Marekani, umeona kila Jumamosi ya vuli mji mzima umevaa nyekundu, watu wanaenda uwanjani wanaimba wanarudi kimya, na we mwenyewe bila kupanga umeshanunua jezi, basi haya ni yako. Hata kama uko mbali unafuatilia kwenye simu. Nebraska Cornhuskers ni timu ya chuo kikuu, futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na imeshuka kwa muda mrefu kiasi kwamba kuna watu wana shahada, wana watoto, na hawajawahi kuiona ikichukua ubingwa wa ligi yake. Ubingwa wa mwisho ni 1999. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wanaharibu wikiendi nzima, hawaongei na wake zao, wanamtukana mtandaoni kijana wa miaka 19 kwasababu kadondosha mpira. Si lazima iwe hivo, ila kuna vitu inabidi uvijue kwanza.

Anza na historia, usiiruke. Bila historia hutaelewa kwanini mzee wa kazini kwako anaona msimu wa kushinda mechi 7 kama msiba. Tom Osborne alikuwa kocha mkuu kuanzia 1973 mpaka 1997, akashinda mechi 255, akapoteza 49, sare 3, na katika misimu yote 25 hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Akabeba ubingwa wa taifa 1994, 1995 na 1997, na miaka yake mitano ya mwisho ni ushindi 60 na vipigo 3, yaani miaka mitano! Kabla yake Bob Devaney alishabeba 1970 na 1971. Sasa hili ni jimbo lenye watu kama milioni mbili tu, halina timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, kwa hiyo mapenzi yote ya mkulima wa magharibi huko na wakili wa Omaha yanaenda sehemu moja, Memorial Stadium, na huo uwanja umejaa kila mechi tangu Novemba 1962, zaidi ya mechi 400 mfululizo, washinde wasishinde. Kama wewe ni wa Man U unaelewa haraka, Ferguson kaondoka 2013 na mpaka leo mnasubiri, basi hawa wameanza kusubiri kabla yenu.

Ukishajua hilo, kinachofuata ndo kigumu kuliko vyote: acha kutafuta mchawi mmoja.

Kila shabiki hapa ana jina lake la kulaumu. Atakwambia tatizo lilianza walipomfukuza Frank Solich, mwingine atasema Bill Callahan ndo aliua kila kitu, mwingine Bo Pelini, mwingine wakurugenzi wa michezo. Wape nafasi waongee, ila we kichwani panga mambo kwa mfuatano. Solich alirithi kwa Osborne, 2001 akaifikisha timu kwenye mechi ya ubingwa wa taifa ikachapwa 37-14 na Miami, 2002 ikawa 7-7, yaani ushindi 7 na vipigo 7, 2003 akashinda 9 akapoteza 3 kwenye msimu wa kawaida na bado akatupiwa virago. Akaja Callahan kutoka NFL, akatupa ule mchezo wa kukimbia na mpira walioucheza miaka nenda rudi, akaleta mchezo wa kurusha, na 2004 matokeo yakawa 5-6, msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961. Pelini misimu saba, kila msimu ushindi 9 au 10, wakachoka naye kwasababu mechi kubwa alikuwa ananyukwa vibaya, ile fainali ya ligi 2012 Wisconsin walimpiga 70-31, wakamwondoa 2014. Mike Riley 19-19. Alafu Scott Frost, mtoto wa nyumbani, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa ubingwa wa 1997, katoka UCF, chuo cha Florida, na msimu wa 13-0, watu walilia kwa furaha siku anatangazwa, akamaliza na ushindi 16 na vipigo 31.

Mi naona hivi. Kufukuza kocha kwenyewe halikuwa kosa kila mara, kosa ni kwamba kila anayekuja anabomoa cha mwenzake mpaka msingi. Vijana waliosajiliwa kwa mchezo wa kukimbia wanaambiwa warushe, waliosajiliwa kurusha wanaambiwa wakimbie, usajili wa kubadilisha kikosi unachukua miaka mitatu minne, na mwaka wa nne benchi lote la ufundi linafungashiwa virago tunaanza upya. Hapo hata malaika angefeli.

Na kuna mambo yaliyotokea nje ya Lincoln kabisa ambayo mashabiki wengi hawayataji. Zamani chuo kingeweza kutoa skolashipu za mpira kwa vijana wangapi kinataka, 1973 ikawekwa mwisho 105, 1978 ikashuka 95, mwanzoni mwa miaka ya 90 ikashushwa mpaka 85. Kila ikishuka, vijana wazuri ambao wangekaa benchi Nebraska wanaenda kuanza kikosi cha kwanza kwengine. Nebraska walikuwa mbele pia kwenye mazoezi ya vyuma, Boyd Epley alianza kazi hiyo pale 1969 wakati makocha wengi wanaamini vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito, leo nenda chuo chochote uone gimu zao. Walikuwa kwenye TV mara nyingi wakati wengine hawaonekani, leo kila mtu anaonekana. Alafu 2011 wakahama ligi kwenda Big Ten, pesa ikaongezeka kweli, ila zile mechi za kila mwaka na timu za Texas zikaisha, na Texas ndo kulikuwa na vijana. Sasa utamlaumu nani kwa yote hayo? Jumlisha na makosa yao wenyewe ya kuajiri na kufukuza, hapo ndo unapata picha kamili. Ukiielewa, hasira haiishi ila inapungua makali, na unaacha kuamini kwamba kocha mpya peke yake atairudisha 1995.

Sasa siku ya mechi. Usiangalie mpira unaporuka juu, kila mtu anaangalia huko. Angalia vitu vitatu: ukuta wa mbele, yaani wale wakubwa wanaosukumana mstari wa mbele kumkinga kwotabeki na kufungua njia, nani anapoteza mpira, na timu ya mateke. Nawambia hivi kwasababu ya msimu wa 2021, na kama una jioni moja ya kujifunza hii timu, chukua msimu huo. Walimaliza 3-9. Vipigo tisa na vyote vya tofauti ya pointi chini ya kumi, na ukijumlisha msimu mzima walifunga pointi nyingi kuliko walizofungwa! Timu mbovu haifanyi hivo, timu inayojiua yenyewe ndo inafanya hivo.

Chukua mechi ya Michigan State Septemba mwaka huo. Nebraska wako mbele 20-13, zimebaki kama dakika nne, kipindi cha pili chote ulinzi umewabana wenyeji hawapumui. Kinachotakiwa ni kupiga mpira kwa mguu uende mbali, upande wa kulia, kwasababu wachezaji wote wa kukimbiza wamepangwa kwenda kulia. Mpigaji akapiga kushoto. Jayden Reed akaudaka peke yake, mbele yake hakuna mtu, akakimbia yadi 62 mpaka mwisho. 20-20. Wakaenda muda wa ziada wakalala 23-20. Rudia hiyo video uangalie wachezaji wenye jezi nyeupe wanavyokimbilia upande ambao mpira haupo, utaelewa ugonjwa wa miaka ile kuliko uchambuzi wowote wa redioni.

Au Dublin, Agosti 2022, mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Northwestern. Wako mbele 28-17, mambo yanaenda, Frost akaamuru mpira wa kuanzia upigwe mfupi ili wauwahi wenyewe. Ukiwa mbele kwa pointi 11 unafanya hivo ili iweje? Northwestern wakauwahi wao, wakafunga, na mwisho 31-28. Wiki mbili baadae wakafungwa nyumbani 45-42 na Georgia Southern na kesho yake, tarehe 11 Septemba, Frost akaondolewa. Wangesubiri mpaka tarehe 1 Oktoba fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 mpaka 7.5. Hawakusubiri hata hizo wiki tatu. Hapo ndo upime watu walikuwa wamechoka kiasi gani, na rekodi yake ya mechi za tofauti ya pointi 8 kushuka chini inaeleza kwanini, 5-22.

Ukiangalia mechi kwa namna hii hutamtukana kwotabeki kwa kila kitu, na hili la matusi naomba nilisisitize kabisa. Hawa ni wanafunzi wa miaka 18 mpaka 22. Ndio, sasa hivi wanalipwa, tangu 2021 wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, ila mshahara haumpi mtu haki ya kumwandikia mtoto wa watu maneno machafu usiku baada ya kipigo. Hasira yako andika, iseme kwa sauti nyumbani, itoe kwa wanaoajiri makocha na kusaini mikataba, hao ndo wenye maamuzi. Kijana aliyekosea teke anajua kakosea. Na kumbuka pale Nebraska kuna vijana wanaoingia timu bila skolashipu, wametoka vijijini, wanajilipia shule wakisubiri nafasi yao, ni desturi ya zamani ya pale na ni moja ya vitu vizuri vilivyobaki.

Kuhusu matarajio, weka kipimo cha msimu kabla msimu haujaanza, kiandike kabisa mahali, usikibadilishe baada ya ushindi wa wiki ya pili. Ushindi 6 ndo mlango wa mechi za mwisho wa mwaka zinazoitwa bouli, na Nebraska waliocheza hizo miaka 35 mfululizo mpaka 2003, baada ya 2016 walikaa bila kugusa mpaka 2024. Mwaka huo chini ya kocha Matt Rhule wakamaliza 7-6 na kuifunga Boston College 20-15 pale Yankee Stadium, New York. Kwa mzee wa 1995 hiyo si kitu. Kwa kijana aliyeanza chuo 2020 ilikuwa mara ya kwanza. Furahi na huyo kijana, usimkatishe kwa kumwambia enzi zetu.

Na tafuta furaha nyingine kwenye nyumba hiyo hiyo. Timu ya voliboli ya wanawake ya Nebraska ina ubingwa wa taifa mara tano, na tarehe 30 Agosti 2023 waliweka uwanja katikati ya Memorial Stadium wakaingia watu 92,003 kuangalia voliboli. Peleka watoto huko kwanza. Mtoto akianza na kushinda anajenga mapenzi, kipigo cha futiboli atakivumilia baadae. Kwenye futiboli pia mpeleke, tiketi za mkononi, zile watu wanazouziana wenyewe, kwa kawaida zinashuka bei timu ikifungwa, na umwonyeshe jinsi mashabiki wa pale wanavyowapigia makofi wageni wanapotoka uwanjani. Wanafanya hivo hata wakipigwa, na mi naiheshimu sana tabia hiyo.

Mwisho jiandae na Iowa, chuo cha jimbo jirani. Hawa ndo watani sasa, wanakutana Ijumaa baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, na wamewaumiza vibaya: 2018 teke la sekunde za mwisho 31-28, 2019 teke la mwisho 27-24, 2023 teke la mwisho 13-10, 2024 tena teke la mwisho na tena 13-10. Ushindi wa 24-17 kule kwao 2022, wakiwa na kocha wa muda Mickey Joseph, watu bado wanauongelea kama harusi. Kwa hiyo Ijumaa hiyo kula mapema, usiweke dau la pesa, na kama una jirani wa Iowa mwalike muangalie pamoja, utani ukiwa ana kwa ana una mipaka kuliko wa mtandaoni. Zikibaki dakika nne na gemu iko karibu acha kuangalia ubao wa matokeo, angalia ukuta wa mbele, kama Nebraska wanaweza kusukuma yadi tatu tatu na kumaliza saa, gemu wamemaliza wao, kama hawawezi basi mpira utarudi kwa Iowa na mpiga teke wao atakuwa anajinyoosha pembeni. Kisha mapema Desemba vijana wa sekondari wanaanza kusaini vyuo, watu wote watakuwa wanaulizana kwotabeki gani kapatikana. Wewe hesabu wangapi waliosainiwa ni wa ukuta wa mbele.