Gari likipiga fsss chini ya boneti, kwanza niambie linalia wakati gani

Mama mmoja aliniletea Toyota IST hapa gereji, Morogoro, akaniambia, "Fundi, humu ndani kuna nyoka." Gari lilikuwa linatetemeka kwenye foleni na taa ya injini inawaka. Gereji aliyotoka walishamuuzia plagi nne na koili moja. Zote mpya, na nyoka bado yumo.

Nikamwambia azime redio, asikanyage mafuta. Fsss. Haya mama, kanyaga kidogo. Mlio ukafifia. Achia. Ukarudi. Hapo sikuhitaji kufungua plagi.

Injini ya petroli ikinguruma tu bila kukanyagwa, kile kipepeo cha kuingizia hewa kinakuwa karibu kimefunga, huku pistoni zinavuta. Mpira wowote ulioungwa kwenye manifodi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ukiwa na ufa, hewa inajipenyeza hapo kwa nguvu, na ndiyo inayolia. Ukikanyaga, kipepeo kinafunguka, mvuto unapungua, mlio nao unashuka. Hewa hiyo ya wizi haijapita kwenye sensa inayopima hewa, kwa hiyo mafuta yanakuwa machache kuliko hewa iliyomo. Mashine ya kupimia ilinitolea namba ya hitilafu P0171, maana yake hiyohiyo.

Kuupata ufa, chukua kipande cha mpira mwembamba wenye tundu, kama mita moja. Ncha moja sikioni, nyingine ipitishe polepole kwenye kila bomba na kila kiungio. Ukifika penyewe utashtuka, ni kama mtu anakupulizia sikioni. Kunja mikono ya shati, vua mtandio, na kaa mbali na feni na mkanda. Feni ya umeme huwa inawaka bila kuaga. Kisha hakikisha kwa maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Povu likinyonywa na mngurumo ukabadilika, umefika. Wapo mafundi wanaopulizia petroli badala ya sabuni. Ekzosi ipo hapohapo inawaka moto, sijui huwa wanawaza nini.

Kwenye IST ile ilikuwa mpira wa PCV, ule wa kurudisha mvuke wa injini ukachomwe, mfupi kuliko kiganja changu, unaotoka kwenye kava ya injini kwenda manifodi. Juu mzima kabisa. Nikaupindua: umepasuka kwa chini, pale kwenye kona, na oili imeulainisha hadi unabonyea kama andazi la jana. Ufa ukiwa nchani na mpira una urefu wa kutosha, kata ncha hiyo, rudisha, kaza klipu. Ukiwa katikati, nunua mwingine wa kipenyo kilekile unaostahimili oili. Usikate mpira wa kumwagilia bustani. Joto litaulegeza, mvuto utaubana, utarudi kwangu ndani ya wiki.

Kama mlio unabadilika ukikanyaga breki, na kanyagio limekuwa gumu, shuku busta ya breki, kile kidude kinachotumia mvuto wa injini kuusaidia mguu wako. Zima injini, kanyaga breki mara tano, shikilia, halafu washa. Kanyagio linatakiwa lizame kidogo. Lisipozama, gari lisiende popote, mwite fundi alipo.

Mlio unaosikika baada ya kuzima, pamoja na mvuke au harufu tamutamu, ni rejeta. Wanaopanda mlima Kitonga na gari limejaza mizigo wanaujua. Subiri. Nusu saa haitoshi mara nyingi. Shika bomba la juu la rejeta kwa tahadhari, likiwa bado la moto, endelea kusubiri. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1, yaani shinikizo unaloshikilia, unayazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 120, kwa hiyo ukiufungua mapema yanalipuka usoni palepale. Likishapoa, kagua ule mpira wa ndani wa mfuniko kama umekatika, halafu tafuta michirizi mikavu ya kulanti, yale maji ya rejeta, hasa pale tanki la plastiki la rejeta linapoungana na bati. Mfuniko ukiwa mbovu, weka wenye namba ileile. Ukiweka wa namba kubwa zaidi, utapasua kinachofuata kwa udhaifu.

Dizeli yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, ikilia ukikanyaga mafuta, tena na moshi mweusi, anza na mabomba ya tabo na klipu zake.

Yule mama alirudi baada ya siku tatu. "Fundi, nyoka wangu karudi, ila sasa analia nikishapaki." Gari halitetemeki, taa imezima, maji yamejaa. Tukakaa wote ndani, AC inapuliza, nikazima injini. Fsss, nyuma ya dashibodi, sekunde chache, kimya. Ni gesi ya AC inajisawazisha tu, hata gari jipya linafanya hivyo. Nikamwambia kesho azime AC dakika mbili kabla ya kufika nyumbani, asikilize tena. Jioni akanipigia: kimya. Akauliza kama zile plagi mpya anaweza kuzirudisha dukani.