Jinsi ya Kuchunguza Historia ya MGB Kabla ya Kuinunua
Gari la michezo la MGB liliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na mengi yamekwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa; kwa hiyo anza na karatasi, si rangi inayong'aa. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na cheti ambacho British Motor Museum, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hukitoa kutokana na kumbukumbu za kiwanda.

Kisha lala chini ya gari. MGB haina fremu ya pekee. Uzito wote hubebwa na bodi yenyewe, hasa vizingiti vya chini ya milango, na kutu ya hapo ndiyo ninayoiogopa kuliko hitilafu yoyote ya injini. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika, kuna puti nene, yaani lihamu ya kuziba mashimo na kuficha kutu. Omba picha zilizopigwa wakati wa kuchomelea, kwa sababu bati jipya lililobandikwa juu ya kutu ya zamani huendelea kuoza kwa ndani.

Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imetengeneza bodi mpya kabisa za MGB. Bodi hiyo si kasoro, ila muuzaji hana budi kuitaja.