Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujenga Kambi ya Jeshi Kwenye Hewa ya Chumvi

Gharama ya kutu katika majengo ya jeshi huamuliwa kwa sehemu kubwa mezani, kabla mkandarasi hajafika kiwanjani. Marekani, yenye kambi Guam, Okinawa na Hawaii, ililipa jambo hili uzito wa kisheria: sheria ya ulinzi iliyotiwa saini Desemba 2002 iliitaka Wizara ya Ulinzi iwe na afisa wa kuwajibika kwa kuzuia kutu katika zana na miundombinu yake.

Kabla ya kuchagua vifaa, ijulikane hewa ya mahali penyewe ina ukali gani. Kwa kipimo cha ISO 9223, kiwango cha kimataifa kinachogawa hewa kwa madaraja ya ukali wa kutu, chuma cha kawaida katika daraja la C3, la ukali wa wastani, hulika mikromita (sehemu za elfu za milimita) 25 hadi 50 mwaka wa kwanza, na katika C5, la ukali mkubwa sana, hulika 80 hadi 200. Daraja moja lisitumiwe kwa kambi nzima, kwa kuwa majaribio ya Kure Beach, North Carolina, yalionyesha kwamba chuma kilichowekwa mita 25 hivi kutoka baharini kililika takriban mara 10 ya kile cha mita 250. Kwa hiyo ghala na ofisi za kambi moja zaweza kuhitaji kinga tofauti.

Michoro nayo ipitiwe na mtu mwenye kazi moja tu, ya kutafuta mahali maji yatakapotuama: boriti iliyolazwa kama mfereji, kitako cha nguzo kisicho na mteremko, paa la alumini lililokazwa kwa skrubu za shaba, ambapo alumini ndiyo itakayolika. Makali ya chuma yasagwe yawe mviringo, maana rangi huyakimbia na kubaki nyembamba, na hapo ndipo kutu huanzia. Siku ya kupaka, joto la chuma chenyewe lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji juu ya chuma, kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Mkaguzi alipime na kuliandika, hata kama msimamizi ana haraka, na kwa kawaida huwa nayo.

Matangi ya mafuta yaliyofukiwa yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huoza pasipo kuonekana. Kanuni za Marekani zinataka kinga ya umeme ya matangi hayo, yaani mkondo mdogo unaozuia chuma kisiliwe na kutu, ipimwe kila baada ya miaka 3, na pale inapotumia mashine ya kusukuma mkondo, mashine hiyo ikaguliwe kila siku 60. Swichi ikizimwa na fundi aliyekuja kwa kazi nyingine, hakuna king'ora kitakacholia. Basi kabla ya kupokea mradi, aandikwe kwa cheo mtu wa kuisoma mita ya mashine hiyo, na fedha za ukaguzi ziwekwe katika kifungu cha bajeti kisichochukuliwa kupaka rangi lango wakati wa ziara ya wakubwa.